Mwosha Vyoo wa Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 1 Novemba 2014

Likizo imekubaliwa! Madam Shifaa ametia sahihi bila hata kuinua uso, nami nimetoka ofisini kwake haraka kabla hajabadili nia. Miaka miwili sijapumzika. Nimemwambia nakwenda kuona ndugu. Sikusema ndugu gani wala wapi, maana hapa Dubai kila mtu na madhehebu yake, na kazini sijapata kumwambia mtu kwamba kwetu Tanga baba alitulea katika Ushia. Safari yenyewe ni ya Karbala, ziyara ya Arubaini ya Imamu Husein, pamoja na kafila, msafara wa wanawake unaoondoka Deira mwezi ujao. Mama alikufa akiitamani. Nimeanza kuandika ili nisisahau hata kitu kimoja.

Jumapili, 9 Novemba

Joto limekatika kidogo. Warusi wamejaa bwawani. Sina la kuandika.

Jumapili, 23 Novemba

Edna amefukuzwa kazi.

Nieleze vizuri, labda nitaelewa mwenyewe. Mimi ni supavaiza wa ghorofa ya kumi na nne katika hoteli moja hapa Marina. Wasichana wakishasafisha vyumba, napita mimi kukagua. Nikishapita mimi, anapita Madam Shifaa, mkuu wa hausikiping, Mzanzibari aliyezaliwa hapahapa Dubai, wa zile familia za zamani zilizohama Unguja na Kiswahili chao. Anakuja na viatu virefu, wanja uliokaa sawasawa, marashi yanamtangulia, na mkononi ana tishu nyeupe. Anaipitisha nyuma ya bakuli la choo, chini ya bomba, juu ya fremu ya mlango. Halafu anakuonyesha. Ikiwa na doa anasema neno moja tu, "Tena," na chumba kinaanza upya.

Leo mgeni wa 1409 amelalamika kwamba amekuta unywele ndani ya bafu. Unywele mrefu, wa singa, wa rangi ya kahawia. Chumba kilikuwa cha Edna. Edna, binti wa Korogwe, ambaye ananyoa kichwa chote kwa wembe kwa sababu anasema kusuka hapa ni ghali na kofia ya kazi inamwasha!

"Madam," nikasema, "hebu mtazame kichwa. Huo unywele ni wa mgeni mwenyewe."

"Sijauliza unywele ni wa nani," akasema Madam Shifaa. "Nimeuliza macho yalikuwa ya nani."

Basi. Visa imekanseliwa. Anatakiwa awe ametoka nchini kabla ya Krismasi. Edna hakulia hata kidogo, alikunja aproni yake mara nne akaiweka mezani. Mimi ndiye niliyekwenda kulia stoo ya mashuka.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekwenda kumwombea. Nimesimama mbele ya meza ya Madam nikasema yote: kwamba hana hata nusu mwaka hapa, kwamba mdogo wake yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi na ni Edna anayemsomesha, kwamba hajawahi kuchelewa hata siku moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, madam."

"Khalas, Joha. Wageni wanaingia saa nane."

Mwanamke huyu ana nini kifuani? Jiwe lina huruma kuliko yeye. Jioni nimemkuta Edna amekaa chumbani kwetu huku Jumeirah Lake Towers, anaosha viatu vya kanisani. Akaniambia, "Dada Joha, huko unakokwenda uniombee. Mimi Mlutheri, lakini Mungu si anasikia popote?" Nimemwahidi. Sijui nimeahidi nini.

Jumatano, 3 Desemba

Nafungasha. Madam naye kaondoka leo kwa likizo yake. Kazini wanasema kila mwaka anakwenda London kununua viatu. Mwaka jana alituachia mzigo wa Krismasi, na safari iliyotangulia aliondoka mwaka mpya ulipoingia tu. Mwenye pesa haulizwi ratiba. Nyumbani Tanga dada ananipigia simu anasema Iraki kuna vita, nisiende. Nakwenda.

Ijumaa, 5 Desemba

Tumefika. Uwanja wa ndege ni Najaf, kisha basi mpaka Karbala, na basi halitembei kwa sababu barabara nzima ni watu wanaotembea kwa miguu. Wazee, watoto wachanga, walemavu kwenye viti vya magurudumu, bendera nyeusi na nyekundu mpaka macho yanaishia. Na kando ya njia watu wasiotujua wanasimamisha basi kutuomba, wanatuomba kabisa, tushuke tule chakula chao. Mzee mmoja alikuwa amebeba sinia la tende kichwani huku analia. Sijawahi kuona watu wanaobembeleza kutoa.

Halafu hoteli. Ee Mola wangu, hoteli! Ningekuwa kazini ningeifunga leo hii. Lifti imefungwa kwa kamba ya katani. Zulia la ngazi limeliwa mpaka uzi. Chumba chetu ghorofa ya tatu kina vitanda vitatu na tumo wanawake watano, dirisha linatazama ukuta na nyaya za umeme, mto nilionusa una historia ya mafuta ya nywele ya taifa zima. Choo ni cha pamoja, mwisho wa ukumbi. Nimebaki nimesimama na sanduku mkononi, nimeduwaa.

Mwenzangu wa kitanda ni Bi Kuruthum, mama wa Mombasa anayeuza mabuibui Deira, ameshakuja huku mara nyingi. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mbona wasimama kama nguzo?"

"Bi Kuruthum, shuka hili halijabadilishwa."

"Imamu Husein alikufa hapa na kiu yake, nawe walilia shuka? Weka sanduku chini, mwanangu."

Nikaliweka. Baadaye akanipandisha darini, tukaliona kuba la dhahabu limewaka taa zote, karibu kabisa, nikamkumbuka mama na nikalia mpaka nikakaa chini. Shuka nikalisahau. Nililikumbuka tena niliporudi chumbani.

Jumamosi, 6 Desemba

Habari ya vyoo. Anayevisafisha ni mwanamke mmoja aliyejifunga nyeusi tupu, kitambaa puani na mdomoni kwa ajili ya klorini, glavu mpaka kwenye viwiko, na miwani minene iliyojaa mvuke. Haongei. Wote wanamwita "hajiya" tu. Leo asubuhi nimeingia baada yake, na mkono wangu, wallahi si mimi ni mkono, ukatoa tishu mfukoni ukaipitisha nyuma ya bakuli. Ikatoka na rangi ya chai. Nikamwita, nikamwonyesha.

"Marra thaniya," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kazini. Rudia.

Akaitazama tishu. Akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akapiga magoti akarudia.

Bi Kuruthum alikuwa mlangoni na birika la udhu, kashika kifua. "Joha! Huyo si kijakazi, huyo ni khadimu. Wanakuja kwa nadhiri zao kututumikia sisi zuwari, sisi tuliokuja ziyara. Wengine ni matajiri watupu."

"Tajiri gani anaosha choo?"

"Utakwenda kujua siku yako."

Jumapili, 7 Desemba

Nimezuru. Siandiki, ni yangu na mama.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Uani ni tope, na kila anayeingia anapanda nalo. Wageni wapya wamelala ukumbini kwenye mablanketi, unaruka miguu ya watu ukienda kujisaidia. Na vyoo ndiyo usiseme. Nimemwonyesha hajiya tishu mara mbili leo, na mara zote mbili amerudia bila hata kuguna. Nitasema kweli, sijapata kuona mfanyakazi wa namna hii.

"Huyu angefaa Marina," nikamwambia Bi Kuruthum tukiwa kwenye foleni ya bomba. "Madam Shifaa angempenda."

"Nani Madam Shifaa?"

Alijitakia mwenyewe kuuliza. Nimemweleza, na ulimi ukishapata mteremko hauna breki. Nimewaonyesha wanawake wote wa foleni jinsi Madam anavyotembea, kisigino kwanza, kidevu juu, tishu kaishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. "Tena!" nikasema kwa sauti yake. Wamecheka mpaka mama mmoja wa Basra, ambaye haelewi Kiswahili hata neno, akanikumbatia. Hajiya alikuwa anapiga deki palepale miguuni petu. Hakucheka. Nikasema moyoni, maskini haelewi.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua. Wali na maharage. Mvua.

Jumatano, 10 Desemba

Tulikuwa tunafua mbele ya vyoo, mimi na Bi Kuruthum, hajiya akisugua sinki nyuma yetu. Bi Kuruthum akaniuliza, "Wewe kule kwa Imamu walilia sana. Wamlilia nani, mamako?"

"Mama, na Edna."

Nikamweleza kisa cha Edna chote. Kichwa kilichonyolewa. Unywele wa kahawia. Aproni iliyokunjwa mara nne. Mdogo wake anayesubiri ada ya mtihani wa mwisho. Nilisema, "Bi Kuruthum, mtu asiye na unywele hata mmoja kichwani kafukuzwa kwa ajili ya unywele. Na yule aliyemfukuza sasa hivi yuko London anajaribu viatu. Mungu anamtazama tu?"

Pu! Ndoo ya hajiya ikaanguka. Maji machafu yakatapakaa, yakatuloweshea nguo tulizokwisha suuza.

"Yalla, yalla!" nikamfokea. "Macho yako wapi?"

Alisimama palepale na tambara linachuruzika. Halafu akatoka, akaiacha ndoo imelala ubavu. Kumbe naye anajua kununa. Nimepiga deki mwenyewe huku nasonya.

Ijumaa, 12 Desemba

Hapatembeki. Toka haramu, kwenye kaburi la Imamu, mpaka hotelini ni mwendo wa kukohoa tu, na leo umenichukua tangu swala ya adhuhuri hadi alasiri, nimebebwa na watu, kiatu kimoja kimekwenda na sijui kimekwenda wapi. Nimefika mguu mmoja mtupu, umepasuka, tope na damu.

Chini ya ngazi alikuwapo hajiya na beseni. Alikuwa anaosha miguu ya wanaoingia. Nikataka kupita kimyakimya, akanishika kifundo cha mguu. Nikavuta, akashikilia. Aliniosha taratibu, kidole baada ya kidole, bila glavu, na nikaona mikono yake imeliwa na klorini mpaka nyufa zina damu kama mguu wangu. Akanifuta kwa ncha ya shela lake, akanifunga kitambaa chake.

Nimepanda juu nimechanganyikiwa. Mimi nimemfokea mtu huyu wiki nzima. Nimeona haya, nimeona haya sana. Kesho nitamtafutia mafuta ya mikono.

Jumamosi, 13 Desemba

Arubaini. Sauti imekauka. Mafuta nimesahau.

Jumapili, 14 Desemba

Niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikutokea.

Kafila ilikuwa inajiandaa kuondoka. Hapa kuna desturi kwamba khadimu, zuwari wakiondoka, hupita kwa kila mmoja aliyemtumikia kumwomba radhi. Wanawake wa ghorofa yetu tulijipanga ukumbini na masanduku yetu. Hajiya akapita, anainama, anasema maneno mawili matatu, anaambiwa amesamehewa, wanakumbatiana wanalia, anakwenda kwa mwingine. Kwa mama wa Basra alisema kwa Kiarabu. Kwa wasichana wa Lahore aliweka tu mkono kifuani. Mimi nilikuwa nimeshaandaa Kiarabu changu cha kumwomba yeye msamaha.

Akafika mbele yangu. Akasema kwa Kiswahili, kile cha Unguja, laini:

"Nimekutumikia nilivyoweza, zuwari. Kama vyoo havikutakata, kama nilikumwagia maji, kama nilikukosea kwa lolote, nihalalishie."

Sauti ile naijua. Ile ndiyo inayosema "Tena." Akashusha kitambaa usoni. Bila wanja, bila rangi ya mdomo, macho madogo nyuma ya miwani, na bado alikuwa yeye.

"Madam?"

"Hapa hapana madam."

Nilikamata ukuta. Yote yalinirudia kwa pamoja. Kidevu juu, kisigino kwanza, mkia wa panya. Alikuwa miguuni pangu na tambara, anasikia kila neno!

"Ulinijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwengine duniani angekuja Karbala kupima choo kwa tishu?" Hakutabasamu. "Hiyo nimekufundisha mimi."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Nilitaka kuhamia ghorofa ya pili. Kisha nikajiuliza, sasa nimefuata nini huku, kama si hili?" "Binti yangu Arwa aliwahi kulala hospitali hajijui, madaktari wameshanyamaza. Nikaweka nadhiri. Akipona, nitawaosha vyoo zuwari wa Husein kila Arubaini, na sitoki hapa mpaka kila niliyemtumikia aniridhie. Yupo, anasoma. Basi nihalalishie, Joha. Umebaki wewe na bibi huyu."

Nilitakiwa kusema neno moja. Lilikuwa limeshafika kooni, na mguu aliouosha ulikuwa bado umefungwa kitambaa chake. Lakini nikamwona Edna anakunja aproni.

"Habari za Edna ulizisikia?"

"Nilizisikia."

"Basi mrudishe. Mrudishe kazini, nikuhalalishie."

Ukumbi wote ukatugeukia, hata wasiojua lugha. Bi Kuruthum akasema, "Astaghfirullah! Joha!"

Madam Shifaa alinitazama mpaka miwani ikaingia mvuke. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atanifukuza kazi palepale kati ya masanduku. Alisema kwa sauti ndogo, "Radhi nimekuja kuiomba, Joha. Siinunui."

Akapandisha kitambaa, akamwinamia Bi Kuruthum. Bi Kuruthum akamkumbatia mpaka shela likamvuka. Mimi nikabeba sanduku langu.

Jumatatu, 15 Desemba

Basi mpaka Najaf. Bi Kuruthum kakaa kiti cha mbele, kanipa kisogo. Tulipofika uwanjani ndipo akasema, "Mwanangu, ulikwenda kufanya biashara ya radhi kwa Husein."

"Sijauza. Yeye ndiye aliyekataa kununua."

"Wajibu upesi sana wewe."

Sijui kama nimekosea. Nikimfikiria Madam amepiga magoti, najiona mshenzi. Nikimfikiria Edna, naona ningemwambia vilevile tena. Nimechoka na vichwa viwili shingoni. Jambo moja nina hakika nalo, kazi sina. Atarudi Dubai na kitu cha kwanza atakachofanya ni kunikanseli.

Jumanne, 16 Desemba

Simu yangu haikuwa na mtandao huko kote. Nimeiwasha uwanja wa ndege wa Dubai, ikaishiwa chaji kabla sijasoma kitu. Nimekwenda moja kwa moja hotelini kuchukua vitu vyangu kabatini, nisije nikavikuta vimetupwa. Nikapanda ghorofa ya kumi na nne.

Mlango wa 1409 ulikuwa wazi, troli imesimama nje. Ndani mtu anaimba pambio. Nikachungulia. Kichwa kilichonyolewa, kimeinama juu ya bafu!

Nilipiga ukelele mpaka akagonga kichwa kwenye bomba.

"Dada Joha! Nimekutumia meseji mpaka nimechoka. Si uliniombea? Imejibiwa!"

"Umerudi lini?"

"Alhamisi asubuhi HR wakanipigia. Wakasema kanseli imefutwa, Ijumaa nianze. Madam amepiga simu mwenyewe kutoka London."

"Alhamisi ipi?"

"Hii iliyopita, ya tarehe kumi na moja. Mbona umekaa chini?"

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa bafu, kwenye bafu alilokwisha kulipangusa. Alhamisi ya kumi na moja. Jumatano ndoo ilianguka, akatoka bila kuiokota, na mimi nikasonya nikasema ananuna. Alikwenda kutafuta simu. Jumapili aliposimama mbele yangu kuomba radhi, Edna alikuwa ameshavaa aproni siku mbili. Neno moja tu, "Nimeshamrudisha," nami ningemhalalishia huku namlamba mikono. Hakulisema. Aliondoka bila radhi yangu na nadhiri yake ina pengo, kwa sababu hakutaka iwe bei.

"Dada Joha, simama basi," akasema Edna. "Unanirudisha nyuma."

Jumatano, 17 Desemba

Madam anaingia kazini kesho. Nimepiga pasi sare mara mbili.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekwenda ofisini kwake asubuhi, kabla hata ya mkutano wa zamu. Njia nzima nilikuwa nalirudia neno nisije nikalipoteza: nimekuhalalishia, nimekuhalalishia. Nilikuwa tayari kumbusu mikono, na hata kupiga magoti ikibidi.

Mlango ulikuwa wazi. Viatu virefu vimerudi, wanja umerudi, miwani haipo. Mbele ya meza alisimama Yekoniya, kijana wa Mbarara anayebeba mashuka machafu, kofia kaishika kwa mikono miwili, midomo imekauka. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Hapo ndipo aliposimama Edna.

"Lifti ya wageni," alikuwa anasema Madam Shifaa. "Na mashuka machafu. Mbele ya mgeni."

"Madam, ya mizigo ilikuwa mbovu. Mashuka yalihitajika chini, madam, please."

"Sijauliza ya mizigo ilikuwaje."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na vidole vilivyoishika bado vina zile nyufa. Siku nne tu zimepita! Mtu aliyeniosha mguu, mtu aliyepiga simu kwa ajili ya Edna na kuficha, ndiye huyuhuyu, na kalamu ileile. Sikujua nimwangukie au nimnyang'anye.

Akaniona. "Joha. Unataka nini?"

Nilifunua mdomo kulitoa lile neno nililolibeba, na likatoka na mwenzake.

"Madam, ya Karbala yote nimekuhalalishia. Bila sharti. Ya hapa bado."

Yekoniya alinitazama, akamtazama yeye, maskini hakujua Karbala ni chumba namba ngapi. Kalamu ya Madam ilibaki hewani. Niliona kidevu kinatetemeka, kidogo tu, kikatulia. Nilisema moyoni, basi Joha, kwenda Tanga ni kesho.

"Rudi kazini," akasema.

"Mimi, madam?" akauliza Yekoniya.

"Wewe. Na uwaambie wa matengenezo lifti ya mizigo itengenezwe leo."

"Leo tu nirudi, madam, au ndiyo moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, Yekoniya. Nenda."

Alitoka mbio, kofia kaiacha. Madam akainuka, akazunguka meza, akaja upande wangu. Upande huu kuna kiti kimoja cha plastiki ambacho sijapata kuona mtu akiketi, maana walioitwa humu walisimama. Akakikalia. Akavua viatu akaviweka kando, akapachika mikono yake mibovu magotini, na mimi nikabaki nimesimama juu yake sijui nitazame wapi.

"Ya hapa ni yepi?" akauliza.

"Ni mengi, madam."

"Nitajie."

Nikaanza na mwaka niliofika. Adhuhuri iliadhiniwa tukiwa humo humo, simu ya mezani ikalia mpaka ikachoka, alitikisa kichwa na mara mbili alilia, na nilikuwa bado sijafika hata mwaka huu.